Wosha Mbili za Shaba na Ukili Usio na Jina

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu bali zamani ya juzi, barabara ya kupanda milima ya Usambara ikiwa imeshatiwa lami na magari ya tabo yameshazoeleka, palitokea shauri ambalo mpaka leo halijapata hukumu. Msikilizaji, kabla hujaegemea upande wowote, sikiliza kwanza yale ambayo mashahidi wote waliafikiana.

Wote waliafikiana kwamba gari lilikuwa la Bi Stamili binti Kipingu, mjane, aliyekuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka ishirini na tisa. Wote waliafikiana kwamba lilikuwa gari la kijivu, la petroli, lenye tabo. Tabo ni kile kikonokono cha chuma kinachokaa ubavuni mwa injini. Moshi unaotoka hukizungusha, nacho huisukumia injini hewa, na gari dogo likapata kifua cha kupandia mlima. Kwa kuwa huzunguka ndani ya moto mkali, hunyweshwa vitu viwili: oili ya kukilainisha na maji ya kukipoza. Wote waliafikiana kwamba gari lilikuwa likipoteza vyote viwili. Oili ilinuka ikiungua. Maji yalipungua, na chini hapakuonekana tone.

Waliafikiana pia kuhusu Mwanjaa. Huyu alikuwa mdogo wake Bi Stamili, figo zake zilikuwa zimechoka, na mara mbili kwa juma alipaswa kusafishwa damu kwa mashine katika hospitali iliyoko chini bondeni. Gari lilipokuwa zima, dada alimteremsha alfajiri na kumpandisha alasiri, na Mwanjaa alilala kitandani mwake, katika ubaridi aliozaliwa nao. Gari lilipoanza kuugua, Bi Stamili aliogopa kukwama naye kwenye kona za mlima. Mwanjaa akahamia bondeni kwa wifi yake kwa juma moja. Juma moja likawa miezi mitatu. Joto halikumpa usingizi; alikaa barazani akisuka mkeka wa ukindu, na kila dada yake alipompigia simu, aliuliza neno lile lile: "Gari limepona?"

Halikuwa limepona. Mafundi wawili wa bondeni walilitazama, mmoja baada ya mwingine, na kauli zao zilifanana kama zimenakiliwa. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, imekufa. Maji yanaingia ndani ya injini na kuungua humo humo. Injini ifunguliwe, kichwa chake kipelekwe mbali kuchongwa, na gari la umri ule likishafunguliwa, huenda lisifungwe tena.

Bi Stamili aliwasikiliza kama alivyowasikiliza watu maisha yake yote. Katika miaka ishirini na tisa alikuwa ameandika maelfu ya ushahidi kwa mkono wake, na hukumu za mahakimu kumi na mmoja, ingawa hakuwahi kutoa hata moja iliyo yake. Kazi hiyo ilikuwa imemwachia swali moja. Alimwuliza kila fundi: "Umeona, au umedhani?"

Wa kwanza alisema mambo ya injini hayaonekani, hujulikana. Wa pili alimwuliza kama mzee wake yupo nyumbani, aongee naye. Bi Stamili alijibu kwamba mzee wake yupo makaburini, na akiweza kuongea naye amsalimie. Akapandisha gari lake polepole mpaka kwenye gereji ya mlimani.

Gereji hiyo ilikuwa ya mafundi wawili walioshirikiana kwa miaka tisa na kukubaliana kwa siku chache. Mmoja alikuwa Fundi Shemboza, mtu mzima, mzito wa mwili na mzito zaidi wa kuamua. Mji mzima ulimwita Fundi Subira, na si kwa kumsifu. Mwenzake alikuwa Fundi Mwantumu, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, aliyesomea chuo cha ufundi na kurudi na cheti, tochi ya mwanga wa zambarau, na ulimi. Wateja wapya walipomkuta ameinama kwenye boneti walizoea kumwuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Naye aliwajibu, "Ametoka. Nikimwona nitamwambia mnamtafuta." Kisha aliendelea na kazi.

Mwantumu alifungua kifuniko cha oili na kukigeuza. Ndani yake palikuwa na ute mweupe, mwepesi kama uji wa mgonjwa.

"Mama Karani, jionee. Oili na maji vimekutana. Vikikutana ndani, mlango ni gasketi."

"Umeviona vikikutana, au umedhani?"

"Nimeona ute."

"Ute hata mimi nimeuona. Nauliza kuhusu kukutana."

Shemboza, aliyekuwa ameketi juu ya tairi, aliinuka. Palikuwa na magari matatu mengine uani, mojawapo lililetwa kwa ajili ya taa tu. Alifungua vifuniko vyake vya oili, kimoja baada ya kingine, akavipanga juu ya benchi. Vyote vilikuwa na ute ule ule.

"Ukungu wetu huo," alisema. "Gari linakwenda sokoni, linarudi, halijapata moto wa kutosha, unyevu unabaki kifunikoni. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hapa kwetu mawingu hukaa mwaka mzima."

"Ameanza," alisema Mwantumu. "Mama Karani, huyu gari likimfia mkononi, atangoja lioze ndipo atoe cheti cha kifo."

"Na huyu, mgonjwa akikohoa tu, ameshachukua jembe kwenda kuchimba kaburi."

Lakini Bi Stamili alikuwa akivitazama vile vifuniko vinne juu ya benchi, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu alipata tumaini kidogo. Shahidi mkuu wa hoja ya gasketi alikuwa ameanguka. Hilo halikuthibitisha kwamba gasketi ni nzima. Lilithibitisha tu kwamba ute haukuwa ushahidi. Tofauti hiyo aliijua vizuri.

"Injini haifunguliwi," alisema Shemboza, "mpaka ioshwe. Sihukumu gari chafu. Oili imetapakaa kila mahali. Sasa kila kipande kinaonekana kuwa na hatia."

Wakaiosha, wakaikausha, wakaiwasha. Mwantumu alilala chini ya gari akiwa na kioo kidogo kilichofungwa kwenye kijiti, na saa nzima hakuzungumza, jambo lililomtia Shemboza wasiwasi. Alipotoka, alikuwa na tone moja la oili kwenye ncha ya kidole.

"Bomba la kurudisha oili, chini ya tabo. Gasketi yake ndogo imekakamaa. Oili inadondokea ekzosi, ndiyo harufu ile."

"Umeona?"

"Nimeona, Mama Karani. Njoo ulale hapa nikuoneshe."

Bi Stamili, na miaka yake sitini na sita, alitandika gunia akalala chini ya gari lake, akaliona tone lingine likijikusanya, likirefuka, likianguka. Mwantumu aliibadilisha gasketi ile siku hiyo hiyo. Oili haikunuka tena. Kazi hiyo ilikuwa yake peke yake, na hakuna aliyeibishia wakati ule wala baadaye.

Ila maji yalipungua, na chini hapakuonekana tone.

Shemboza alifunga pampu ya presha kwenye rejeta, injini ikiwa baridi. Mshale ulisimama pale pale kama askari wa lango: presha haikushuka. Mwantumu akatia rangi ndani ya maji, ile rangi ambayo popote itakapopenya hung'aa kijani chini ya tochi yake, hata pakiwa pameshakauka. Wakaliwasha gari, wakaliacha lingurume uani tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Akamulika mipira, akamulika rejeta, akamulika tabo. Hapakung'aa kitu.

"Basi imekwisha," alisema Mwantumu, na safari hii hakutania. "Nje maji hayatoki. Yasipotoka nje, yanaingia ndani. Jumatatu nafungua injini. Mama Karani, samahani. Sikutaka iwe hivi."

Bi Stamili alitaka kumwuliza swali lake. Lakini hoja ilikuwa na mantiki, na aliiheshimu mantiki hata ilipomuumiza. Alimpigia mdogo wake akamweleza. Mwanjaa akasema, "Basi, dada. Mkeka nitaumalizia huku huku." Akauliza habari za kuku wake, mmoja mmoja, kwa majina.

Jumamosi alasiri Shemboza alifika nyumbani kwa Bi Stamili kwa miguu.

"Nina ombi moja kabla ya Jumatatu. Ulisema maji hupungua lini?"

"Nikitoka bondeni."

"Mgonjwa wetu anaugua akipanda. Sisi tumempima amelala. Tulipeleke mpaka chini, tulipandishe mara moja tu. Lisiposema kitu, namkabidhi Mwantumu spana mwenyewe."

Walikwenda watu wanne. Shemboza aliendesha. Mwantumu alikuja kwa sababu, alivyosema, lazima awepo mtu wa kusukuma. Hakuchukua tochi yake. Ilibaki juu ya benchi, kwa kuwa alikuwa ameshaamua. Bi Stamili alikaa nyuma pamoja naye. Na kwenye kiti cha mbele alikaa Mzee Hoza.

Mzee Hoza alikuwa jirani, aliyeombwa aje kuisikiliza injini. Miaka arobaini aliendesha malori ya mbao katika mlima ule, na sasa macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, akiona mwanga na vivuli tu. Ndiye aliyemfundisha Bi Stamili kuendesha baada ya mumewe kufariki, na ndiye aliyempa sharti la gari lile: tabo haizimwi ikiwa na moto. Ukifika, acha injini ingurume polepole, vuta tasbihi moja nzima, punje tisini na tisa, ndipo uzime. Sharti hilo ni la kweli, fundi yeyote atakwambia. Bi Stamili hakulivunja hata siku moja. Shemboza na Mwantumu nao walilishika.

Waliteremka, wakageuza, wakaanza kupanda. Mzee Hoza alisikiliza kimya kona hadi kona, kidevu juu. Walipokuwa wamemaliza theluthi mbili ya mlima, na injini ina moto, wakakutana na jeneza.

Katika mlima ule, jeneza likikutana na gari, gari husimama, injini huzimwa, na waliomo hushuka wakasimama mpaka mtu wa mwisho wa msafara apite. Hilo hakuna anayelifundisha, watu hulikuta. Shemboza alisimamisha gari kando, akashuka, akavua kofia. Mwantumu na Bi Stamili wakashuka, wakajifunika kanga vichwani. Lakini injini Shemboza aliiacha ikinguruma, kwa ajili ya tabo.

Mzee Hoza aliyasikia mambo mawili kwa pamoja: nyayo za wachukuzi na mngurumo wa gari. Alipapasa upande wa usukani mpaka akaupata ufunguo.

"Mzee, tabo ina moto," alinong'ona Shemboza.

"Maiti hapishwi kwa mngurumo," alisema Mzee Hoza, akazima. Naye akashuka, akasimama ameshika mlango.

Ukimya ukashuka barabarani. Jeneza likaanza kupita mabegani mwa watu. Hapo Bi Stamili akasikia, chini ya boneti, sauti nyembamba kama ya mtu anayewanyamazisha watoto. Kwenye ufa wa boneti ukatoka uzi mweupe wa mvuke.

"Harufu tamu," alisema Mzee Hoza kwa sauti ya chini, bila kugeuza kichwa. "Kama sukari iliyoungulia sufuriani. Hiyo si ya oili. Maji ya gari hayo, yenye dawa ya rejeta, na yako nje."

Hakuna aliyeweza kusogea. Msafara ulikuwa mrefu. Marehemu, ni wazi, alikuwa mtu wa watu. Shemboza alisimama na kofia kifuani, macho kwenye boneti. Mwantumu alikuwa ameuma ncha ya kanga. Uzi wa mvuke ulipungua. Ukawa mwembamba zaidi. Wakapita wazee, wakapita vijana, akapita mtu mmoja mwenye mkongojo, peke yake, taratibu, kama anayehesabu kokoto. Alipopita huyo, Shemboza aliirukia boneti.

Aliuona mvuke wa mwisho ukitokea nyuma ya tabo, kisha hakuona kitu. Chuma kilikuwa kimekauka. Nyuma ya tabo kuna mabomba manne na viungo vinane. Ni kipi kilichovuja, hakuna aliyeweza kuapa.

"Tochi," alisema Mwantumu. "Niliiacha."

Walirudi gerejini kabla jua halijazama. Wakafunga milango ili pawe na giza, na Mwantumu akamulika nyuma ya tabo. Pale pale, kutoka kwenye kiungo cha bomba la maji la tabo, paling'aa mstari wa kijani, mwembamba, wazi kama saini. Katika kiungo hicho hukaa wosha mbili za shaba za kuzibia, pana kiasi cha pete ya kidole gumba. Zilikuwa zimechoka. Zikiwa baridi ziliziba. Tabo ilipopata moto wa kupanda ziliachia. Maji yakarukia chuma kinachowaka, yakawa mvuke kabla ya kuwa tone. Na gari lilipofika nyumbani, katika muda ule wa punje tisini na tisa, tabo ilipoa, wosha zikaziba, feni ikapeperusha mvuke uliobaki, na boneti ilipofunguliwa kila kitu kilikuwa kikavu na chenye adabu.

Bi Stamili alikaa juu ya tairi. Hakulia wala hakucheka. Alisema tu, "Kwa hiyo injini haifunguliwi."

"Haifunguliwi," alisema Shemboza.

"Haifunguliwi," alisema Mwantumu, akimulika tena, kana kwamba mstari ungeweza kukana kauli yake.

Wosha zilibadilishwa Jumapili asubuhi. Wakapanda mlima mara mbili, wakazima injini ikiwa na moto, makusudi, wakangoja, wakanusa, wakamulika. Pakavu. Bi Stamili aliteremka nalo na kupanda nalo juma zima, akifungua kifuniko cha maji kila asubuhi. Maji hayakupungua, na chini hapakuonekana tone.

Siku ya nane alimleta Mwanjaa nyumbani. Mwanjaa alishusha kioo tangu kona ya kwanza ya mlima, akatoa mkono nje, akauacha ukungu uuloweshe. Alipofika alilala mpaka adhuhuri, akaamka, akawasalimia kuku, kisha akautandika mkeka wake barazani na kuomba aitiwe mafundi wote wawili na Mzee Hoza.

Ulikuwa mkeka mpana, wa ukindu mweupe, na maneno yalisukwa humo kwa ukindu mweusi. Ukili mmoja, yaani mkanda mmoja uliosukwa, ulisema AMENIRUDISHA. Ukili uliofuata ulisema NYUMBANI. Ukili wa tatu ulikuwa umesukwa nusu tu, haujashonwa, nao ulikuwa mtupu.

"Huu ni wa jina," alisema Mwanjaa. "Jina likishaingia, mkeka ni wake. Ukindu nimeshauloweka. Niambieni ni nani."

"Suka yote matatu," alisema Bi Stamili.

"Dada, huu ni ukili, si daftari la mahakama. Majina matatu yataonekana kama sisimizi. Nilisuka kwa miezi mitatu nikimfikiria mtu mmoja. Nilikuwa simjui tu."

Wakatazamana. Kila mmoja alitaka mkeka ule kuliko alivyotaka kuonekana anautaka.

Shemboza alitangulia, jambo lisilo la kawaida yake. "Injini ilihukumiwa kifo na mafundi watatu, wawili wa bondeni na huyu hapa. Niliyekataa ni mimi. Nisingefungua vile vifuniko vitatu, ingefunguliwa siku ya kwanza. Nisingeomba kupanda, ingefunguliwa Jumatatu. Mji huu unaniita Fundi Subira wakinicheka. Naomba watoto wangu waone subira hiyo imeandikwa mahali."

Bi Stamili alimwuliza, "Fundi, uliwahi kusema maji yanatokea wapi?"

"Hapana. Sikujua."

"Kwa hiyo ulijua tu yasikotokea."

"Hata hilo sikulijua, Mama Karani. Nilikataa tu kudhani."

"Ndiyo hayo," alisema Mwantumu. "Mtu aliyesimama mlangoni akazuia watu wasiingie, sasa anadai ndiye aliyejenga nyumba. Nani alipata uvujaji wa oili? Mimi. Nani alitia rangi? Mimi. Mvuke mlioutazama wote ulipotea. Mngerudi na hadithi ya mvuke, tungefungua viungo vinane kwa kubahatisha. Kilichoonesha mahali ni rangi yangu na tochi yangu. Mama Karani, wewe unauliza kila siku, umeona au umedhani. Katika gereji ile, aliyeona ni mimi. Na mtu akija kesho kuniuliza fundi yuko wapi, nitaomba nimketishe juu ya mkeka huu."

"Rangi uliitia Ijumaa," alisema Bi Stamili. "Jumamosi tochi ilikuwa wapi?"

Mwantumu alijibu, "Kwenye benchi."

"Gari lingefika salama bila kusimama njiani, ungelimulika?"

"Nisingemulika. Nilikuwa nimeshaamua." Alisema hivyo kwa sauti iliyonyooka, na Bi Stamili akamheshimu zaidi.

Mzee Hoza alikohoa. "Basi nami nisikilizwe. Mwenye subira alikuwa haoni. Mwenye macho alikuwa ameshayafumba. Ni mimi, nisiyeona, niliyezima gari, na ni pua hii iliyosema: maji, nje. Hapo ndipo fundi alipoikimbilia boneti na binti akakumbuka tochi yake. Miaka arobaini nimeendesha magari ya watu wengine. Yameoza, na jina langu halimo hata kwenye bodi moja. Mkeka nitaweza kuupapasa."

"Mzee wangu," alisema Bi Stamili, kwa upole kuliko alivyowauliza wengine, "ulizima ili tujue gari linavuja wapi?"

"Nilizima kwa ajili ya maiti."

"Na lile sharti la tasbihi, punje tisini na tisa, nililifuata kwa agizo la nani?"

Mzee Hoza alitabasamu kidogo. "Langu. Na ndilo lililouficha ugonjwa, najua. Sharti lilikuwa sahihi, Stamili. Uliponifundisha kusaini jina langu, nami nilikufundisha sharti sahihi."

"Kama ni kuzimisha," alisema Shemboza, "basi mpeni mkeka marehemu. Ndiye aliyetusimamisha."

"Tena yeye peke yake hakusema neno la uongo," alisema Mwantumu. Wakacheka wote, hata Mzee Hoza, na Mwanjaa alicheka mpaka akashika ubavu; kicheko hicho kilikuwa hakijasikika katika nyumba ile kwa miezi mitatu.

Kicheko kilipokwisha, wakamgeukia Bi Stamili. Mkeka ulikuwa wa mdogo wake, gari lilikuwa lake, na swali lilikuwa lile lile aliloliuliza maisha yake yote, sasa limemrudia.

Alipima. Shemboza alifanya kwa makusudi, tangu mwanzo mpaka mwisho, lakini hakupata kitu. Mwantumu alipata, tena mara mbili, lakini mara ya pili mkono wake ulipata kile ambacho kinywa chake kilishakikanusha. Mzee Hoza alitenda tendo lililofungua kila kitu, ila nia yake ilikuwa kumheshimu marehemu, na ni sharti lake lililofunga kila kitu kabla ya hapo. Ukimtoa wa kwanza, injini ingefunguliwa. Ukimtoa wa pili, mahali pasingejulikana. Ukimtoa wa tatu, wakati wa kutazama usingekuja. Yeyote kati yao asingekuwapo, Mwanjaa angekuwa bado bondeni, joto likimnyima usingizi. Bi Stamili alitafuta katika kumbukumbu zake hukumu ya hakimu yeyote kati ya wale kumi na mmoja ambayo angeweza kuiazima, asiipate.

Akachukua karatasi, akaandika ushahidi wote kama ulivyotolewa, bila kuongeza neno. Alipofika mahali pa hukumu, mkono ukasimama.

"Dada," alisema Mwanjaa, nyuzi nyeusi za ukindu zikiwa vidoleni, zikidondosha maji juu ya mkeka, "ukindu uliolowekwa haungoji. Ukikauka haukunjiki. Nisuke jina gani?"

Msikilizaji, umesikia yote aliyoyasikia Bi Stamili, wala hakuna shahidi aliyebaki nje. Shemboza aliyekataa kudhani, Mwantumu aliyeona, Hoza aliyezima: ukindu unakauka, na kalamu ni yako. Je, ni jina la nani lilistahili ukili ule?